Hewa Ikishuka

Mama alitupa majina kwa kuchungulia dirishani.
Dada mkubwa alikuja na mvua ya Machi, akawa Kabula.
Limi alifika na jua la saa sita.
Mimi nilichelewa, koroboi imeshakauka mafuta,
nikaitwa Bujiku, yaani usiku,
na kazi niliyoipata ukubwani ni ufundi umeme.
Cheka tu. Mama mwenyewe hucheka.

Nyumba yetu Bwiru imekaa juu ya jabali
kama kuku aliyegoma kushuka.
Kando yake kuna mwamba mpana, mama huanika dagaa.
Zamani mvua ikianza, bati lilimwita.
Siku hizi bati linapiga na yeye anachambua mchele:
kwinini ilimponya homa, ikaondoka na masikio.
Mwaka jana, mara tatu, alitoka nje
akakuta dagaa wanaogelea tena.

Nikapanda paani na kisanduku
kisichozidi pakiti ya majani ya chai.
Ndani kidude cha kupima uzito wa hewa,
kingine unyevu, kingine mwanga.
Nyaya nikazipitisha chini ya kenchi hadi kwenye balbu nne:
jikoni, sebuleni, chumbani kwake, barazani.
Nikakaa na kompyuta magotini niandike masharti,
nikakuta lugha iliyatunga kabla yangu,
yote yamejikunja ndani ya silabi moja, ki.
Hewa ikishuka, taa zigeuke njano.
Unyevu ukipanda, njano iwe buluu.
Mchana ukifunga giza, zote ziwake.
Matone yakigusa paa, buluu ipepese, ipepese
mpaka mama aweke ungo chini.

Siku ya kwanza, ziwa limetulia kama uji uliopoa,
nyumba nzima ikawaka.
Mama mbio na beseni, akazoa dagaa wabichi,
akatazama juu:
wingu hata la dawa hakuna.
Nikapanda kuona.
Wale wadudu wa ziwa, wanaoinuka majini kama moshi wa tanuri,
walikuwa wamelala juu ya kisanduku tabaka kwa tabaka,
na jicho langu la shilingi elfu nane
likaapa kwamba kumekuchwa.
Mama alilifuta kwa ncha ya kanga
jinsi anavyofuta pua ya mjukuu.
"Huyu mtoto wako," akasema, "haoni vizuri."

Mvua ya kweli ilitoka upande wa Ukerewe siku ya nne,
ikaja inatembea juu ya maji.
Umeme ukakatika kabla ya tone la kwanza, kama desturi yake.
Betri ya pikipiki niliyoificha uvunguni ikashika.
Njano.
Buluu.
Nilikuwa mlangoni, nimejizuia nisimguse bega.
Akainua kichwa kutoka kwenye mchele
kwa wepesi ule ule wa zamani,
wa mtu aliyeitwa kwa jina lake.
Tulijaza mabeseni matatu. Konzi mbili hivi ziliachwa,
mwamba ukazimeza.

Usiku akanivuta mkono, akanielekeza balbu moja moja.
"Hizi zote zinangoja kitu," akasema,
kwa sauti kubwa, ya watu wasiojisikia.
"Nipe moja isiyongoja.
Ile ya baraza.
Limi aje, Kabula asije,
kuwe na masika, kuwe na jua la kupasua mawe,
yenyewe iwe inawaka."

Nikafungua kompyuta.
Nikafuta sharti la kwanza, la pili, la tatu,
nikang'oa kila ki kama mtu anayetoa miiba ya samaki,
likabaki neno moja,
iwake,
na mashine ikalikubali bila kuuliza lini.

Sasa kila asubuhi chini ya taa ile
pana wadudu waliokufa, kata mbili, kata tatu.
Mama anawafagia, anawamwagia kuku.
Kuhusu bili, anasema,
tutachangia mimi, yeye, na mayai.